Ufunguo wa Nyumba ya Ilunga

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile Ilunga alipopeleka ufunguo wa nyumba yake kwenye ofisi ya kambi na kusema anaacha kazi. Ilikuwa enzi za Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani raia, na kampuni ya shaba ilikuwa baba na mama: ilitupa nyumba kambini, unga wa posho, hospitali, shule ya watoto. Ukiacha kazi, vyote unaviacha. Na Ilunga, jirani yangu tuliyejifunza naye kuchomelea vyuma, alikuwa anakwenda kufungua karakana yake huko Kenya, si nchi bali mtaa wa mjini kwetu, karibu na soko.

Kambi nzima ilimcheka. Mtembezi hula miguu yake, tulisema. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikakimbia ofisini kuiomba nyumba ile, maana ilikuwa na chumba kimoja zaidi na mke wangu aliitamani siku nyingi. Nikapewa. Ee, nilijiona nimemshinda!

Basi ngoja. Kila nilipoingia uani nilikutana na geti alilochomelea mwenyewe, safi, halina kovu. Watu wakawa wanabisha hodi na madirisha yao yaliyovunjika, wakimuuliza Ilunga, na mimi ndiye niliyewaelekeza Kenya. Wivu ukanishika. Nilipita makusudi mbele ya karakana yake, nikatafuta kasoro kwenye milango aliyoianika nje, nikaikosa, nikarudi nyumbani na hasira hata bukari, ugali wetu, haikushuka.

Siku moja akaja mwenyewe. Alisema kazi imemzidi, anataka fundi wa pili, tena fundi anayemjua. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi nina nyumba. Alipoondoka, baba yangu mdogo, mzee aliyeacha nguvu zake zote kwenye tanuru la shaba, ambaye alikuwa amekaa akitusikiliza, akanigeukia.

"Weye, unamusikilia wivu mutu mwenye alikuachia nyumba? Wivu iko inakuonyesha pahali roho yako inataka kwenda. Uifwate, ao unyamaze."

Sikuifuata, wala sikunyamaza. Nilibaki pale, nikimsema Ilunga kwa kila aliyekuwa na masikio. Nilipozeeka, nilirudisha ufunguo uleule kwenye ofisi ileile, nikatoka na vyungu vyangu na mke wangu barabarani. Ilunga ndiye aliyetupokea mtaani Hewa Bora, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, akatupa chumba cha nyuma. Ndimo ninamokuambia haya. Na usinicheke: hata leo, jioni akifunga mlango wake, nikisikia ufunguo unazunguka, wivu unaniuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Ukimwonea wivu mtu aliyehama kazi, usipoteze siku ukichungulia kasoro zake; jiulize wewe unataka nini. Wala usiruke kama mlevi. Ilunga alikuwa akiwatengenezea majirani vitanda kila Jumapili kabla hajaaga, mpaka akajua mikono yake inaweza kumlisha. Jifunze kazi ya pili wakati ya kwanza ingali inakupa unga, zungumza na wa nyumbani kwako, kisha uage kwa heshima. Lakini nyumba ya tajiri aliyekuajiri isikufunge miguu.

Mungu akupe mikono inayotafutwa na watu, na moyo wa kuondoka saa yako ikifika. Na siku ukizeeka, uwe na ufunguo ambao hakuna atakayekudai.