Dawa ya Ng'ombe

Juzi hapa Kitale polisi walichoma magunia ya bangi nyuma ya kituo, na moshi ukatufikia mpaka jikoni. Mjukuu wangu akaniambia, "Kukhu, ziba pua." Mimi sikuziba. Ule moshi ulinirudisha kwetu upande wa Sirisia, karibu na mpaka wa Uganda, nikiwa msichana mdogo wa kubeba mtungi.

Baba mdogo alikuja asubuhi na furushi lililofungwa kwa majani makavu ya ndizi. Jina lake nalikumbuka, hata la yule fahali aliyekuwa amemweka kwa mahari nalikumbuka, lakini nayaacha.

"Shemeji," alimwambia mama, "huyu mtoto anipelekee hii dawa ya ng'ombe sokoni. Askari wa mpakani pale mtoni hawapekui watoto."

Mama akalinusa furushi. Alitoka nalo moja kwa moja hadi kwa yule fahali wa baba mdogo aliyefungwa uani kwetu, akaanza kulifungua mbele ya pua yake.

"Sasa unafanya nini, bana?"

"Si ni dawa ya ng'ombe? Wako aonje kwanza."

Baba mdogo akamshika mkono. "Wacha, shemeji. Huyo ataharibika."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Ati fahali ataharibika. Na huyu wangu?"

Furushi liliishia mekoni, chini ya chungu cha kunde, na mama akaniambia nikae hapo nichochee moto mpaka liishe lote.