Siku Nilipoliuza Shamba la Jirani, Goweko

Sogea karibu nikusimulie, na ukitaka kucheka cheka tu, maana hata mimi sasa nacheka, ingawa aibu ya siku ile ilinifanya nikwepe soko wiki nzima nisiulizwe kitu. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na ugonjwa wangu ni mmoja: nikianza kueleza jambo sinyamazi mpaka nilimalize, hata kama silijui.

Ilikuwa hivi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejenga nyumba yetu Ipuli, huku mjini, kwa tofali mbichi za udongo, kuta zimesimama, bati hatuna, na mwezi wa kumi unaisha. Aliyewahi kujenga kwa tofali mbichi ananielewa: mvua kubwa mbili tu bila bati, nyumba inarudi kuwa tope. Nikakumbuka shamba aliloniachia marehemu baba kule Goweko, ekari sita ambazo hakuna aliyezilima tangu afariki, nikasema liuzwe, tena upesi, fedha mkononi. Mteja akapatikana, Mzee Shabani, muuza asali wa mjini, mtu mpole na msafi sana, aliyetaka pori la kutundika mizinga yake.

Sasa, njia ya kwenda shambani inapita mbele ya nyumba za watu, na kule huwezi kupita bila kusalimia, ukisalimia utakaribishwa, ukikaribishwa utaulizwa umekuja kufanya nini, na mimi sikutaka kutamka kwa mdomo wangu kwamba nauza shamba la baba. Kwa hiyo nikasema tupite nyuma, upande wa reli.

"Mwalimu, hatuanzi kwa wenyeji?" Mzee Shabani akauliza.

"Tutawasalimia wakati wa kurudi, mzee wangu. Tusipoteze muda."

Lazima nikueleze kidogo hapa. Zamani watu wa upande ule walilima tumbaku, na kila shamba lilikuwa na bani, yaani kile kibanda cha udongo cha kukaushia majani kwa moto. Mengi sasa yamebaki magofu. La baba nilijua ni la tatu (la tatu ukitokea kwenye nyumba, ukitokea relini hesabu inageuka, lakini hilo halikunijia kabisa). Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikasimama mbele ya gofu, nikaanza kufundisha.

Nilifundisha kweli. Nikamwonyesha baba alipopanda mbegu, alipopanga kuni, na mwishoni nikamsogeza mpaka pahali palipobonyea kidogo, nyasi zake mbichi kuliko penginepo, nikasema sauti ikitetemeka, "Hapa ndipo baba alipopenda kukaa jioni akiwaza." Mzee Shabani akavua viatu kwa heshima, akachota udongo, akaunusa, akasema, "Una rutuba, Mwalimu. Una rutuba sana." Tukakata vigingi, tukaanza kuvipigilia.

Hatujafika kigingi cha nne tukasikia mwano, ule ukelele wa kuitana kijijini pakiwa na hatari, na kabla sijajiuliza hatari yenyewe iko wapi, sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wametuzunguka na fimbo zao, na nyuma yao bibi mmoja mwembamba mwenye jembe begani.

Nikatoa shikamoo. Marahaba ilikuja, ila ya baridi.

"Baba yako nani?" yule bibi akauliza.

"Mzee Masanja, bibi. Na hili ni shamba lake."

"Masanja namjua. Hapa alikuja mara moja, kuniazima shoka. Hili ni la kwangu mimi, Kabula."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nikaendelea kueleza (nilikwambia ni ugonjwa), nikanyoosha kidole pale baba alipokuwa akikaa jioni. Bibi Kabula akapaangalia, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, hicho ni choo changu cha zamani."

Kamanda wa sungusungu akageuka pembeni, mabega yakaanza kumtikisika. Mzee Shabani aliinama akafuta vidole kwenye nyasi, kimoja kimoja.

Wakatupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, watu wakiongezeka njiani, na kila anayeongezeka anasimuliwa habari ya choo upya. Mwenyekiti akaniambia nitaje majirani wa baba wa pande nne. Nikataja wawili, na wote wawili, kumbe, walishafariki.

"Basi wewe na tapeli tuwatofautishe vipi?" akauliza, bila ukali.

Nilimwona Mzee Shabani akitazama alikoacha pikapu yake, nikaziona kuta zangu zikiyeyuka. Nikasema ukweli: nyumba, mvua, na aibu ya kuuza urithi. Ulikuwa ukweli mfupi, na ndilo somo pekee nililofundisha vizuri siku ile.

"Ungepita kwangu ningekuonyesha," Bibi Kabula akasema. "Mpaka wa Masanja nausafisha kila kiangazi, moto usivuke."

Nikatozwa faini ya mbuzi mmoja. "Na achinje huyu mzee wa asali," kamanda akasema, "ili tule wote, Waislamu na Wakristo." Tukala, na baada ya kula majirani wenyewe wakatupeleka kwenye shamba la kweli, kila mmoja akasimama upande wake penye mikatani ya mpaka. Mzee Shabani akalizunguka lote, nami nikasubiri aage.

"Nilishaghairi," akasema. "Lakini mizinga haina mlinzi, Mwalimu, na hawa wamekuja mbio kwa ajili ya vigingi vitatu."

Alinunua ekari nne. Mbili Bibi Kabula alikataa nisiuze, eti nipate sababu ya kuja kumsalimia. Tuliandikiana ofisi ya kijiji wiki iliyofuata, majirani wakiweka saini, na mvua ya kwanza ilitukuta mafundi wakipigilia bati la mwisho, wanalowa wao, kuta kavu.

Na wewe mwenye kipande chako kijijini usikate tamaa, kinauzika, tena bila mbuzi. Kabla hujampeleka mteja, nenda peke yako, pita njia ya mbele, salimia majirani wa pande zote nne, na mwombe kila mmoja akuonyeshe mpaka kwa mguu wake.