Tofauti Alizoziona Leland Kuzniar

Kazi ya Leland Kuzniar ilikuwa kutazama. Kwa miaka thelathini na moja alisimama katika kiwanda cha vioo vya magari mjini Toledo, Marekani, vioo vikimpitia mbele ya taa kali, naye akikamata kiputo kidogo kama punje ya chumvi. Wenzake walimtania, "Leland, ukikagua wachumba hivyo utazeeka kapera." Hakuzeeka kapera. Alimwoa Bernadine, mpishi wa shule, mwanamke mcheshi asiyeona tofauti kati ya rangi ya maziwa na nyeupe.

Nyumbani macho yale yale aliyatumia kwenye kadi za besiboli, vile vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji. Wakusanyaji wengi huwinda kadi adimu. Yeye adimu hazikumhusu. Kila mwaka kampuni iliyochapa kadi hizo ilitoa seti ya kawaida, mamia ya kadi za timu zote, kisha ikatoa vipakiti vya timu moja moja vya kuuzwa uwanjani na madukani. Ukizitazama haraka utaapa ni kadi zile zile. Lakini namba ya nyuma ilibadilika. Mchezaji aliyehamishwa wakati wa baridi alikuwa bado na kofia ya timu ya zamani katika seti ya kawaida, na kwenye kipakiti tayari amevaa jezi mpya. Pengine picha ni ile ile, ila imekatwa kwa karibu zaidi, na kidole cha mrushaji mpira kimebaki nje. Leland aliyaandika yote katika daftari nene la kijani: seti ya kawaida kushoto, ya timu kulia.

Mtu mmoja tu alilijali daftari hilo kama yeye. Orrin Tabb alikuwa fundi bomba wa jimbo la Iowa. Walijuana kupitia jarida dogo la wakusanyaji. Jarida lilipokufa, wao waliendelea kuandikiana, ingawa hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Walijiwekea sharti: tofauti haiingii daftarini mpaka wote wawili waione, kila mmoja kwenye kadi zake.

Sharti hilo ndilo lililowakosanisha. Leland aliandika kwamba kwenye kipakiti cha timu ya Detroit, herufi iliyo kwenye kofia ya mdakaji mpira haina ncha yake ya chini. Badala ya barua, Orrin akapiga simu.

"Leland, nimetoa nakala sita. Ncha ipo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama mpaka shingo imekakamaa, bwana. Hazina tofauti. Labda kioo chako cha kukuzia kina uchafu."

"Mimi nimekagua vioo maisha yangu yote, leo wewe unifundishe uchafu? Umezeeka, Orrin. Umekuwa mvivu. Kaa na mabomba yako!"

Akakata simu. Krismasi ile Orrin alituma kadi ya salamu. Leland hakujibu. Iliyofuata Orrin akatuma tena, kisha basi.

Leland aliendelea peke yake, na miaka minne iliyofuata ilikuwa na neema ya ajabu. Aliona tofauti nyingi kuliko wakati wowote: fremu zilizopinda, herufi zilizolegea, vivuli usoni ambavyo seti ya kawaida haikuwa navyo. Alijaza kurasa tisini.

"Mwaka huu umevuna," Bernadine alimwambia.

"Wachapaji wamekuwa wazembe."

Kisha asubuhi moja akamimina kahawa pembeni ya kikombe, juu ya gazeti, akaendelea kumimina. Bernadine akamshika mkono. Wiki iyo hiyo alimpeleka kwa daktari wa macho, naye akampa karatasi ya miraba.

"Niambie, bwana Kuzniar, mistari iko vipi?"

"Hapa katikati imepinda. Na pale kuna kipande hakipo."

"Mistari yote imenyooka," daktari alisema kwa upole. Akaeleza kwamba sehemu ya katikati ya jicho, ile ya kuonea vitu vidogo, imekufa pande zote mbili. Imekuwa ikifa taratibu, labda miaka mitano.

"Itarudi?"

"Hapana. Hairudi."

Bernadine ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani. Kwenye daraja la mto Maumee Leland alimgeukia.

"Ile kofia," alisema. "Ncha ilikuwepo."

"Kofia gani, mzee wangu?"

Alipofika tu alimwomba ampigie Orrin, kwa kuwa namba za simu hakuziona. Akapokea binti wa Orrin, Jolene.

"Baba alifariki Februari mwaka jana."

"Kadi zake?" Leland akauliza, na papo hapo akaona aibu kwa kuanza na hilo.

"Tulimpa dalali zote kwa pamoja. Alizimwaga kwenye masanduku, zikachanganyika." Kisha akauliza, "Wewe ndiye wa Toledo, sivyo? Alisema una hasira za karibu, ila utapiga simu tu."

Bernadine alijitolea kumtazamia. Kwa siku kadhaa alikaa naye jikoni, kadi mbili mbili mbele yake.

"Niambie nitazame nini."

"Chochote kisicholingana."

"Huyu amekunja uso. Na huyu pia amekunja." Alijitahidi, maskini, mpaka machozi yakamtoka kwa uchovu. "Leland, mimi naona watu wawili wamekunja uso. Jozi nyingi ziko hivyo tu. Siwezi kukudanganya."

"Najua."

"Basi tuandike kwamba kurasa hizi tisini hazijahakikiwa."

"Zingine ni kweli, Berna. Ningejua zipi ni macho yangu na zipi ni kadi, ningezibakiza."

Akahesabu kurasa tisini kwa vidole, akazichana moja moja. Zilizobaki Bernadine alizipeleka kwenye chama cha wakusanyaji cha jimbo. Waliandika wakishukuru, wakisema siku hizi watu hulinganisha picha kwenye kompyuta, na hawana mahali pa kuweka madaftari. Daftari likarudi kwa posta, kona moja imekunjika.

Majira ya kuchipua yalipofika, vipakiti vipya vya Detroit vilining'inia karibu na kaunta ya duka la vyakula. Bernadine aliviona, akasita, akaendelea kupanga nyanya na mkate kwenye mfuko. Leland alikuwa amemshika kiwiko, akingoja. Hakuuliza kama vimetoka.