Siku Bibi Alipofuata Radhi kwa Boti

Enzi zetu (msicheke, hata sisi wa juzi tuna enzi zetu), Bur Dubai mtu ukiuacha mtaa wiki mbili, ukirudi unaukuta si wenyewe. Leo barabara, kesho shimo, keshokutwa mnara. Watoto wa Kizanzibari tukitoka chuoni kusoma Kurani tulinunua chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, na chapati ya jibini, tukakaa ngazini kubishana duka fulani lilikuwa wapi, na hakuna aliyewahi kushinda. Watoto wa leo wana ramani mkononi na bado wanapotea ndani ya duka la viatu.

Lakini siku iliyonivuruga kweli ni ile niliyotoka na Bibi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ule mfereji mkubwa ndio kwanza umefunguliwa. Walikuwa wameukata mji, wakaikata na barabara kuu, wakatia bahari katikati. Bibi, mama yake baba, alikuwa anarudi Unguja moja kwa moja baada ya kuzeekea Dubai. Safari kama hiyo mtu haiendi mpaka apite kwa watu kuomba radhi, na Bibi alishawapitia wote wa Bur Dubai na Deira. Alibaki mmoja: Bi Salha wa Jumeirah, shoga yake wa ujana, ambaye walikuwa hawasemezani miaka na miaka. Kwa nini? "Mambo ya wakubwa hayo," alisema Mama, na mjadala ukaishia hapo.

"Nisiposamehewa na Salha, nitaondokaje?" Bibi alikuwa akirudia. Ndege yake ilikuwa kesho yake. Alisikia mfereji unapita nyuma ya nyumba ya Bi Salha, basi akashikilia twende kwa boti, nami nikapelekwa kumsomea vibao. Anwani yenyewe ilikuwa hii: "Msikiti mdogo wa mnara mmoja, kisha mkono wa kulia." Basi!

Tulipanda alasiri, Bibi kapakata kopo la halwa. Boti ilipoingia mferejini tu, msikiti tukauona.

"Huo sio," akasema. "Wetu mbele yake pana barabara na duka la mikate."

"Bibi, barabara ndiyo hii tunayoelea juu yake."

"We mwana, usinichezee!"

Tukapita. Mbele, daraja la barabara kuu lilikuwa linamwaga maji ya urembo kama paa bovu, na boti ilipokaribia maji yakakatika yenyewe. "Lahaula! Nani kafunga bomba?" Abiria wakacheka. Tukashuka kituo kimoja, tukakuta mji mzima wa vioo na watu wanakimbia bila kufukuzwa. Tukashuka kingine, mikahawa mitupu. Mlinzi mmoja, kijana wa Mombasa, akamwonea huruma. "Bibi, huku hakuna nyumba za watu. Rudini mlikotoka." Bibi akakaa kwenye benchi, machozi yakamlengalenga. Sikuwahi kumwona kapotea, yeye aliyekuwa akinishika mkono mimi nisipotee. Niliogopa sana.

Tukarudi mpaka kwenye msikiti alioukataa. Mkono wa kulia, hatua chache, nikabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na Bi Salha mwenyewe. Wakatazamana.

"Salha, nasafiri. Nisamehe kwa niyajuayo na nisiyoyajua."

Jibu lake hata mtoto analijua: nimekusamehe duniani na akhera. Wote walioombwa walijibu hivyo hivyo.

"Sikusamehe," akasema Bi Salha.

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Bibi alisimama na kopo lake.

"Ingia ule halwa yako, unywe kahawa, uende zako Unguja. Ukirudi ndio nitakusamehe."

"Salha, mimi sirudi."

"Basi sikusamehe."

Kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka ilipoadhiniwa magharibi. Walikuwa wanalia, mara wanacheka, mara wanalia tena, nami sijui nishike lipi. Botini nikamuuliza Bibi, "Kakuchukia au anakupenda?"

"Mjukuu wangu, hata mimi sijui."

Bibi alifariki Unguja mwaka wa pili yake, hakuwahi kurudi. Siku ya khitma Bi Salha alikuja kwetu Bur Dubai, akanivuta pembeni jikoni. "Nilimsamehe pale pale mlangoni," akaniambia. "Nilitaka arudi tu." Nikamletea maji.

Siku hizi Ramadhani ikikaribia, simu yangu inajaa radhi: picha ya mwezi na maua, nisameheni nyote, imetumwa kwa kundi zima. Nabonyeza alama ya kidole gumba bila hata kutazama nani kaomba. Tunasameheana upesi, khalas, yamekwisha. Hakuna anayemnyima mwenzake radhi kwa kutaka tu kumwona tena.