Kitabu Kilichoniweka Mbele

Nakumbuka asubuhi moja nimesimama kwenye barabara ya vumbi nje ya Katesh, mabinti wangu wa mbio wananisubiri nipulize filimbi, na mimi sijui nikae wapi. Mbele? Nyuma? Mwanangu, nilikuwa mtu mzima, nimeshakimbia na kufundisha wengine kukimbia, lakini asubuhi ile miguu yangu ilisahau kazi yake. Nikaishia kukimbia katikati, kama kondoo aliyeingia kwenye kundi la mbuzi. Binti mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kichwa tu, na wala haukuwa uongo mkubwa.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia umepata mtu wa kukuandikia kitabu. Unasema mafunzo yako, hayo unayowapa vijana kwenye simu wajitambue na kujipanga kimaisha, yamekuwa mengi, unataka yakae mahali pamoja, na kwa kuwa kuandika si fani yako umekodi mwenye fani. Vizuri. Sikukatazi. Hata mimi nyumba hii sikuijenga kwa mikono yangu. Ila mimi niliwahi kukodi mwandishi, na mpaka leo, pamoja na mvi hizi, kuna mambo ya shughuli ile sijayaelewa. Nitakueleza niliyoyaelewa, mengine utanisaidia.

Mimi ni mtu wa Mbulu niliyeolewa huku Hanang. Kwetu Mbulu kukimbia hakukuwa jambo la kujisifia. Shule ilikuwa mbali na mvua ilikuwa karibu. Nilikimbia mashindano mpaka goti likakataa, kisha nikaanza kuwafundisha mabinti wa hapa. Sikuwa na programu, mwanangu. Nilikuwa na filimbi, kilima, na tabia moja ambayo sikuwahi hata kuipa jina: nilikuwa nakimbia wa mwisho. Wenye mbio waliondoka, na yule anayechoka, anayeshika mbavu, anayetaka kulia, alinikuta pale pale ubavuni mwake. Tulirudi wote. Sikuiona kuwa ni elimu. Nani huona kuwa kupumua ni elimu?

Katika mabinti wale alikuwepo Uda, mtoto wa Mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig wa kule Gehandu. Nilimwona mara ya kwanza siku ya mnada akimfukuza ndama aliyetoroka, na aliyechoka alikuwa ndama. Nikaenda kwa baba yake kumwomba. Ulikuwa mtihani, maana wazee wa wakati ule hawakuona maana ya binti kukimbia bila kufukuza kitu. Mzee Gidamis alinikaribisha maziwa ya kibuyu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu.

"Mtoto wangu akichoka huko porini, nyuma yake kuna nani?"

"Niko mimi, baba," nikamjibu.

"Basi. Mimi nikichunga nakaa nyuma. Ng'ombe wa mbele anajua njia. Wa nyuma ndiye analiwa na fisi."

Akanipa binti yake kwa neno hilo. Hatukuandikishana chochote, wala sikufikiri kama kuna siku neno lile litahitaji kuandikwa.

Sasa, ule ulikuwa wakati wa soko huria, na mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga bado. Babati pamejaa ofisi mpya na semina kila kukicha. Kila mtu alikuwa na mradi, na asiye na mradi alikuwa na wazo la mradi. Bwana mmoja wa semina akaja kuwatazama mabinti wangu wakimaliza mbio, akasifu, akasema mafunzo yangu ni mali iliyolala, niyaweke kwenye kitabu yafike nisikoweza kufika mimi. Mwanangu, sifa ni pombe, na mimi ambaye sikuwahi kunywa nililewa kwa bilauri ya kwanza. Akaniletea kijana wa Arusha aitwaye Festo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandikia watu vitabu.

Usije ukadhani Festo alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, shikamoo yake ilikuwa ya kuinama. Alisema yeye ni mkono tu, kichwa ni changu. Na siku ya kwanza aliniomba kitu cha maana sana, nikakikataa kwa ukarimu. Aliomba nimwamshe alfajiri aje aone mazoezi. Mimi nikaona aibu. Mgeni wetu umwamshe kwenye ile baridi ya mlimani, na ukungu ule, na viatu vyake vile vya mjini? Watu wangesema nini? Kwetu mgeni analala mpaka jua lipashe ukuta, anaamka anakuta chai ya maziwa. Nikamwambia, "Pumzika baba, nikirudi nitakusimulia yote." Hivyo yeye alilala, mimi nikakimbia, kisha tukaketi sebuleni mbele ya kinasa sauti chake, nikasimulia. Hakuwahi kuniona nikikimbia hata mara moja.

Na mtu akiwekewa kinasa sauti mbele yake hubadilika, sijui kwa nini. Mimi nilianza kuongea kama redio.

Kitabu kilipotoka nilikisoma kama mtu anayesoma habari za mkubwa fulani. Mwanamke wa mle ndani alikuwa na msimamo, alikuwa na kauli. Picha yangu ilikuwa juu ya jalada na jina langu chini yake. Nilimpenda yule mama. Kuna mahali nilijiuliza kama kweli niliwahi kusema haya, lakini yalikuwa mazuri, na mtu hagombani na kizuri kilichoandikwa jina lake. Majirani wakasifu. Ninavyowajua, wengi walisoma jalada.

Nikafunga kanga mpya, nikaenda Gehandu kumpelekea Mzee Gidamis nakala yake. Hakujua kusoma, basi nikasema nitamsomea mwenyewe. Tukakaa nje ya boma lake, Uda yuko karibu anafunga ndama. Nikafungua sura ya kwanza, nikasoma kwa sauti ya kanisani. Iliandikwa kwamba kiongozi wa kweli hutangulia, kwamba mimi katika mazoezi hukaa mbele ili wanaonifuata waone mgongo wa mshindi, na kwamba anayegeuka kutazama nyuma ameshashindwa.

Mzee akainua mkono niache kusoma.

"Huyu anayesema ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Safari hii niliyasikia maneno kwa masikio yake. Uda aliacha kamba ya ndama akanitazama. Nikaanza kujieleza haraka haraka kwamba ni mwandishi, ni kijana wa Arusha, yeye ndiye aliyeandika, mimi nilisimulia tu. Mzee Gidamis hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alionekana kuchanganyikiwa kama mimi. Alikichukua kitabu, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Uso ni wako. Jina unasema ni lako," akasema. "Mimi mtoto nilimpa mtu wa nyuma. Huyu wa mbele simjui. Kama maneno si yako, toa jina lako. Kama jina ni lako, beba maneno."

Akamwambia Uda kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa, lakini lilieleweka. Binti alirudi kwenye ndama, na mazoezini hakuja tena. Siku chache baadaye palikuwa na mbio za kuchagua timu ya mkoa kule Babati, na katika wote niliokuwa nao, yeye peke yake ndiye niliyekuwa na hakika angechaguliwa.

Nikarudi Katesh nikiwaka. Nikapanda basi mpaka Arusha, nikamkuta Festo kwenye chumba chake cha kazi, nikamwambia amenigombanisha na wazee. Nilimwambia mengi, mwanangu, mengine siyarudii mbele yako. Aliniacha mpaka nikaishiwa, kisha akatafuta kaseti, akaiweka, akabonyeza.

Sauti ilikuwa yangu. Ilikohoa kama ninavyokohoa mimi. Ilisema, "Kiongozi lazima atangulie, hakuna kugeuka nyuma," tena ilisema kwa madaha, na mtu wa semina akasikika akicheka kwa kufurahi, kwani siku ile alikuwepo. Festo akasogeza kaseti mbele akanitafutia nilipotaja kukaa nyuma. Nilikuwa nimetaja, ndiyo. Nilitaja kwa haraka, kama mtu anayeomba radhi: "Mimi lakini huwa nabaki kule nyuma na wale wanaochoka." Halafu nikaendelea na ushindi.

"Nilidhani unabaki nyuma kwa sababu ya goti," Festo akasema kwa upole. "Nilidhani unaona haya, mama, nikakufichia."

Nilikaa kwenye kiti chake. Nimekuja kumkamata mwizi, namkuta mwizi amevaa sauti yangu. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele ya mashine isiyosahau. Lakini kilichonichanganya zaidi ni hiki: wakati nayasema yale sikuwa nadanganya. Nilipokuwa sebuleni nimeketi kwenye kochi, niliamini kweli kwamba mimi ni mtu wa mbele. Nilipokuwa barabarani nilikuwa mtu wa nyuma. Nani basi ndiye mwenye jina? Ndiyo maana asubuhi iliyofuata ulinikuta, au ungenikuta kama ungekuwa umezaliwa, nakimbia katikati.

Nikarudi Gehandu bila kanga mpya. Nikamwambia Mzee Gidamis ukweli, kwamba maneno yalikuwa yangu, nimeyasikia kwa masikio yangu, kijana hana kosa. Alitikisa kichwa polepole, akanipa maziwa.

"Sasa najua nani alisema," akaniambia. "Bado sijui nani anatembea. Hilo mtu haambiwi. Anaona."

Nikadhani atamrudisha Uda. Hakumrudisha. Mbio za Babati zilipita, masika yakapita, binti akaolewa upande wa Dirma, na mimi nililia kama niliyefiwa. Mpaka leo sijui kama mzee alikuwa mkali mno au mimi nilistahili. Siku nyingine nampa haki, siku nyingine namnyima.

Nilirudi nyuma ya mabinti wangu na nikabaki huko. Festo naye, Mungu ambariki, alikuja tena kwa nauli yake mwenyewe, na safari hii nilimwamsha. Alfajiri, ukungu, viatu vya mjini na vyote. Alitembea na mimi nyuma, akajikwaa, akaishiwa pumzi, akaona binti mmoja akikaa chini kukata tamaa na mimi nikikaa chini pamoja naye bila kusema neno. Aliporudi sebuleni hakuwasha kinasa sauti. Aliandika sura ile upya, na kitabu kilipochapwa tena ndivyo kilivyo sasa. Wengi huniambia toleo la kwanza lilikuwa na moto zaidi, na inawezekana ni kweli.

Miaka ikaenda. Juzi juzi tu, mwaka huu ulipoanza, mwanamke mmoja alisimama mlangoni pangu na binti wa rika la mabinti wangu wa wakati ule, miguu mirefu, macho ya ndama. Sikuhitaji kuambiwa ni mtoto wa nani. Uda akaniamkia, tukaulizana hali mpaka za mifugo, kisha akamsukuma binti mbele kidogo.

"Baba kabla hajafa alikuwa anakuja Katesh siku za mnada," akasema. "Alikuwa anakaa kule kwenye kilima asubuhi, anawaangalia mkipita. Hakukwambia. Aliniambia mimi: nikipata binti, nimlete. Yule mama yuko nyuma."

Mwanangu, nilikaa pale pale kizingitini.

Haya, nasaha yangu ni hii, na usiitafutie hatua wala namba za kubandika kwenye simu. Mkodi mwandishi wako, mlipe haki yake, mheshimu. Lakini kabla hujamfungulia mdomo mfungulie mlango. Mwache akuone ukifanya kazi yako siku usiyojipamba, hata kama atapigwa na baridi, maana kilicho bora kwako huenda ndicho usichojua kukisema. Kitabu kikishaandikwa usiwasomee wanaokusifu. Kipeleke kwa yule aliyekukabidhi mtoto wake, umsomee kwa sauti yako, na akiuliza anayesema ni nani, uwe na jibu. Na likishawekwa jina lako, usimsukumie mwingine mzigo. Jina jema hung'aa gizani, walisema wazee, na mimi naongeza kwamba jina likitangulia, mwenye jina asibaki njiani analitafuta.

Mimi sasa goti limekataa mbele na nyuma, sikimbii. Mjukuu wa Mzee Gidamis akitoka asubuhi natembea na fimbo yangu nyuma yake mpaka pale barabara inapopinda, nasubiri mpaka arudi.

Watu wakiagana huombeana Mungu awatangulie. Na akutangulie, mwanangu, sikatai. Lakini mimi mama yako nakuombea zaidi ya hapo: siku utakapochoka, na wenzako wote wamekupita, na hakuna anayegeuka kukutazama, umkute Mungu amekaa nyuma yako.