Punje za Chachu za Maman Gracia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mururu, karibu na mpaka wa Rusizi. Emerance Muderhwa anaminya bomba la sindano juu ya beseni, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Matone ya uji mweupe yanadondoka kwenye maji yenye kalsiamu. Yakiyagusa tu, yanaganda na kuwa punje za mviringo, ndogo kuliko punje ya mtama.

Ndani ya kila punje imefungwa chachu hai. Uji huo ni alginati, unga utokanao na mwani wa baharini. Ukiganda huwa kama wavu: chachu hubaki ndani, sukari ya juisi ya ndizi hupenya ikaingia, pombe hupenya ikatoka.

"Iko kama nyumba ya mulango mufupi," anasema bila kuinua macho. "Mwenye nyumba hatoke, lakini chakula inaingia."

Emerance, mwenye miaka 41, wenzake humwita Maman Gracia kwa jina la binti yake wa kwanza. Ndiye fundi wa chachu katika karakana ya mvinyo wa ndizi ya Mzee Munyemana. Leo pipa lake linatimiza siku ya tatu, na saa nne Mzee ataonja.

Juisi ikiwa bado tamu, haijawa pombe, karakana itarudi kwenye unga wa mtama uliokaangwa, jinsi wazee walivyochachusha tangu zamani, na kazi ya fundi wa chachu itakwisha. Mzee amesema hivyo mbele ya wafanyakazi wote. Mshahara wa Emerance, faranga 80,000 kwa mwezi, ndio unaomweka Gracia shuleni.

Si kwamba mtama haufai. Lakini mvinyo wake hutoka na machujo, na wenye hoteli wa Kamembe walikuwa wakirudisha chupa. Chachu iliyofungwa huacha mvinyo safi usio na machujo, tena punje huchotwa kwa chujio na kutumika upya. Emerance alijifunza ufundi huo kwa miezi mitatu chuoni, akaja kuunadi kwa Mzee yeye mwenyewe.

Pipa la kwanza lilimwaibisha. Mzee alionja, akamrudishia kikombe. "Hii iko juisi, Maman Gracia. Batoto batakunywa."

Kosa lilitoka mbali. Emerance ni mzaliwa wa Bukavu, na kwa miaka kumi na miwili alivusha maharagwe mpakani Rusizi. Alipoanza kutengeneza punje, jicho la biashara lilimtuma azifanye kubwa na za kupendeza, karibu sawa na maharagwe.

"Ku soko muntu anaangaliaka ya kubwa mbele," anasema. "Ndogo inabakia ku kitunga. Miye nikafikiri hata chachu iko vile."

Joselyne, mkamuaji wa ndizi, hakumwacha apumue. Kila alipopita karibu na pipa aliuliza kama batoto ba Maman, yaani chachu, wamelala njaa tena.

Utani huo ndio uliomfanya afikiri. Alichemsha bitiruti, akatumbukiza punje kubwa na ndogo katika maji yake mekundu, akasubiri dakika ishirini. Kisha akazipasua kwa wembe. Ndogo zilikuwa nyekundu hadi katikati. Kubwa zilikuwa na jicho jeupe: rangi haikuwa imefika.

Sukari nayo husafiri hivyo hivyo, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Unene wa punje ukiongezeka mara mbili, safari huchukua muda mara nne. Tena chachu ya pembeni hula kwanza, ya katikati ikabaki na njaa. Joselyne alikuwa amesema kweli bila kujua.

Emerance alimwomba Mzee pipa moja la mwisho. Akabadili sindano, akachukua nyembamba, akadondosha punje kwa siku mbili hadi vidole vikafa ganzi.

Saa nne. Mzee Munyemana anatumbukiza mrija wa tete ndani ya pipa na kuvuta. Anavuta tena, kwa muda mrefu zaidi. Joselyne ameacha kukamua.

"Hii sasa iko pombe," anasema Mzee, akijifuta mdomo. "Juma lijalo, mapipa ine."

Emerance anaitikia kwa kichwa tu na kurudi kwenye beseni lake. Mapipa manne ni punje nyingi.

Mpango wake umevuka ukuta wa karakana hii. Kule Nzahaha, anakotoka mumewe, ndizi huivia shambani na kuoza mvua ikiharibu njia. Anataka kufungua karakana yake huko, ya mvinyo na ya punje za kuuza, ndani ya miaka miwili, pamoja na wanawake saba ambao tayari anawafundisha kila Jumamosi.

Na Mzee, je, anajua?

"Anajua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Nilimwambia miye mwenyewe. Yeye njo atakuwa muteja wangu wa kwanza. Punje, atazitoa wapi?"