Kijana Aliyefanywa Mfano

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kanisa letu la Nairobi liligundua kwamba ndugu zetu wa upande wa pili walikuwa wamekaa miaka mingi bila kuhubiriwa na sisi. Hakuna aliyeuliza kama walikuwa wakituhitaji. Tukapangwa watu saba, wengi wanafunzi wa chuo kikuu, tukapewa majuma matatu ya kuihuisha imani ya kijiji kimoja jirani na Kharumwa, huko Usukumani, na kuliezeka kanisa lao. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na kodiani. Kuipiga vizuri halikuwa sharti.

Tulifikia kwa mjane mmoja aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa lile. Asubuhi ya kwanza nilimkuta akichochea moto, nikamwambia kwa uchangamfu, "Habari yako, mama?" Akageuka nyuma kuangalia kama nilikuwa naongea na mtu mwingine.

"Hawa hawakufundishwa kuamkia?" akamwuliza mwanawe.

"Shikamoo, mama," nikajirekebisha.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unaweza."

Mwanawe huyo alikuwa kitinda mimba wake, kijana mrefu aliyekuwa akichimba dhahabu na wenzake kwenye duara, yaani shimo lao, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani. Alikuwa akirudi Jumamosi, akisali na mama yake Jumapili, kisha anaondoka. Sisi alituita manyang'au. Ndilo jina ambalo Watanzania walitupa Wakenya katika miaka ile ya ugomvi, la mnyama alaye wenzake.

"Manyang'au wetu, leo mmemla nani?"

"Mama yako ametupa uji."

"Basi mmeanza kutubu." Akaitazama kodiani yangu. "Kaka, hii kitu inaumwa, au ndivyo inavyoimba?"

"Inaumwa."

"Si muipeleke zahanati!"

Nilimpenda. Katika kijiji kile chote, wengine wakiisifu kodiani yangu kwa sababu mgeni hasemwi, yeye ndiye aliyeniambia ukweli.

Katika juma la pili mvua ilinyesha isivyo kawaida. Magogo yanayoshikilia kuta za duara, ambayo wachimbaji huyaita matimba, yaliteleza, udongo ukashuka na kumfukia kijana yule. Wenzake walimfukua, wakamleta mchana wakiwa wamembeba juu ya kitanda cha kamba, nao wamepakaa matope mpaka kwenye kope. Mama alikuwa akipepeta mchele wetu. Aliweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje, ndipo akapiga yowe.

Wanaume waliomwosha marehemu walimkuta na kamba nyeusi kiunoni, na kifuko kidogo cha ngozi kimeshonewa hapo. Hirizi. Kaburi halijafika magotini, habari ilikuwa imewafikia wazee wa kanisa. Kanuni yao haikuwa na kona: aliyekwenda kwa mganga hazikwi na kanisa. Kengele haipigwi, wimbo hauimbwi, mwinjilisti haendi. Ndugu watamfukia wenyewe.

Mama alikwenda kwa kiongozi wa timu yetu, akapiga magoti. Kiongozi alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mwema kweli, mwenye sauti nzito na mfano tayari kwa kila mstari wa Biblia. Huko Nairobi tulikuwa tukisema kwamba hata akijikwaa kidole anapata mahubiri.

"Baba," mama akamwambia, ijapokuwa angeweza kumzaa, "nisaidie. Mwanangu asitupwe kama mbwa."

Kiongozi aliwaendea wazee. Nilikuwepo. Mwinjilisti wa pale, mtu mkimya ambaye pia ndiye aliyetutafsiria mahubiri kwa Kisukuma, alisema, "Ndugu, ninyi mtaondoka. Sisi tutabaki na kanuni hii."

"Nani anajua kama hakutubu kule chini?" kiongozi akauliza.

Mgeni aliyevuka mpaka kwa basi na lori hanyimwi anachoomba. Wakakubali azike yeye, kwa jina lake mwenyewe, si la kanisa lao. Alizika vizuri. Nilipiga kodiani, na kwa mara ya kwanza katika safari ile sikukosea, labda kwa sababu wanawake waliimba kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyenisikia. Mama alimshika kiongozi mikono yote miwili. Tulirudi tumejaa huzuni na, nisifiche, fahari kidogo.

Kama tungeondoka siku ile, ningekuwa na kumbukumbu nzuri ya umisionari. Ila ilikuwepo bado Jumapili ya kuagana.

Kanisa lilijaa chini ya mabati mapya. Kiongozi alihubiri juu ya tumaini, na katikati ya mahubiri mkono wake ukaenda kule ulikozoea kwenda, kwenye mfano. Mfano wa karibu ulikuwa na kaburi bichi.

"Juzijuzi tumemzika kijana," akasema. "Kijana mzuri! Lakini tumaini lake aliliweka wapi? Kwenye kamba ya kiunoni!"

Mwinjilisti hakutafsiri. Alitazama chini. Kiongozi akadhani hakumsikia vizuri, akarudia, safari hii akijishika kiuno. Mwinjilisti akatafsiri kwa sauti ndogo sana. Kanisa zima likaguna.

Mama alisimama. Alikuwa kwenye benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, akiwa amejifunga kitambaa cheupe cha viongozi wa akina mama. Alisema kwa Kiswahili, ili sisi wageni tusihitaji mkalimani.

"Kamba ile niliifunga mimi. Yeye alikataa. Alisema, mama, mimi ni mtu wa kanisa. Nikalia. Nikamwambia sitaweka chakula mdomoni mpaka aivae. Siku ya pili akavaa, ili nile. Msimtaje tena kwa jambo hilo. Nitajeni mimi."

Akabaki amesimama. Mzee mmoja wa kanisa alinyanyuka, akamwendea, akamnong'oneza. Hakuwa mkali, macho yake yalikuwa mekundu. Mama alifungua kitambaa cheupe, akakikunja, akampa, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho, la watu waliotengwa. Mahubiri hayakumaliziwa. Kiongozi alisema "Amina" mahali pasipo na amina. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, mkate haukufika kule nyuma.

Jioni ile chakula chetu kilitoka nyumbani kwa mwinjilisti, kimebebwa vichwani, kwa kuwa wageni wa kanisa hawalishwi na mtu aliye chini ya adhabu. Tulikula sebuleni mwa mama, kwenye mikeka yake, ugali wa watu wengine. Yeye alikuwa nje, kando ya mafiga yasiyo na moto. Kiongozi hakugusa chakula. Alitoka, akachuchumaa mbele yake, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Jibu nililisikia.

"Hukujua, baba. Wewe ulinizikia mwanangu. Lakini mkifika kwenu, msimhubiri."

Asubuhi lori lilipokuja, alitushika mikono mmoja mmoja. Nilimwamkia vizuri. Aliitikia, akaniambia nisimame kwa miguu yote miwili ndani ya lori, barabara ni mbaya. Nilitafuta neno la kumwambia, mimi niliyesoma elimu ya jamii kwa miaka mitatu, nikaambulia "Asante kwa uji."

Kanisa letu lilikuwa na desturi: timu ikirudi kutoka nje hutoa taarifa Jumapili mbele ya waumini, na watu huisubiri kama sinema. Wanataka machozi na waliookoka. Kiongozi alipanda mimbarini, akashika kingo zake kwa mikono miwili. Alisema tumeezeka kanisa. Alisema tulipokelewa vizuri.

"Ni hayo tu," akasema, akashuka.

Watu walitazamana. Mtu aliyekaa jirani yangu aliniinamia akauliza, "Majuma matatu yote, hakuna hata ushuhuda mmoja?"